Pointi Chache, Lakini Zangu

Mnivumilie ninyi mtakaosoma. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama majani baada ya mvua ya upepo, na maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, si jinsi mwalimu angependa. Niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, na hata wakati ule nilikuwa wa mwisho kuinua kalamu. Mdogo wangu Furaha, ambaye yuko sekondari, alitaka kuniandikia. Alisema ataimaliza kazi hii kabla sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, haijaiva. Nilikataa, naye akakasirika. Mkifika mwisho mtajua kwa nini nilikataa.

Nawaandikia ninyi ambao huzuni imewatoka lakini kichwa hakijarudi. Najua mnachoambiwa nyumbani. Mnaambiwa mmepona, kwa sababu mnakula, mnaoga, mnacheka mtu akiteleza kwenye tope. Mimi pia niliambiwa hivyo. Walioniambia hawakuwa waongo. Wao walikuwa nje tu, na mimi nilikuwa ndani.

Kwetu ni Lubunga, hapa Kisangani, ng'ambo ya mto. Papa alikuwa mkulima na alifuga mbuzi. Ugomvi wa mashamba ulipogeuka vita na nyumba zikaanza kuchomwa, tulivuka kwa pirogi, yaani mtumbwi: Mama, Furaha, mimi, na Koko, ndiyo bibi yetu, mama yake Mama. Papa alirudi kufungua mbuzi. Hakuvuka. Sitaandika zaidi juu ya hilo, kwa sababu kila mmoja atakayesoma hapa ana lake.

Mwanzoni tulilala darasani pamoja na watu wengine waliokimbia, tukiwa tumepanga madawati yawe kuta. Kisha Tonton Léon, kaka yake Mama, akatuchukua kwake Kabondo. Tonton ni fundi wa baiskeli, ambayo sisi huiita kinga, na ana chache anazowapa vijana wafanye toleka, yaani kubeba abiria kwenye kiti cha nyuma. Mimi alinipa ya kijani. Niliipenda ile kazi kuliko chochote nilichowahi kufanya. Abiria yuko nyuma yako, humtazami usoni. Anasema anakokwenda, unakanyaga, mnafika, anashuka. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, hakuna kazi nzuri zaidi mjini.

Ugonjwa haukuja wakati wa moto. Ulikuja mvua zilizofuata, wakati wengine walikuwa wameanza kuzoea. Kwanza chakula kilipoteza ladha, hata lituma ya Koko, ndizi zake za kuponda, nikaitafuna kama karatasi. Kisha miguu ikawa mizito. Nililala nikiwa nimetazama ukuta mpaka nikajua kila ufa. Suruali ilianguka kiunoni, nikaifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Mama alinipeleka kwenye maombi, wakaniwekea mikono kichwani, na walikuwa watu wema, lakini nilirudi vilevile. Ndipo akanipeleka kituo cha afya.

Chumba cha kusubiri kina mabenchi marefu, na wote mnakaa pamoja: wenye malaria, wajawazito, watoto wa chanjo. Lakini kuna mlango wa mwisho, na kila mtu anajua ule mlango ni wa wagonjwa wa akili. Ukisimama kuuendea, mazungumzo yanakatika. Muuguzi wa pale, Mama Béatrice, aliniona siku ya kwanza nikitafuta ardhi inimeze. Siku ya pili alitoa kichwa nje akaita, "Wa jino. Wewe wa jino, ingia." Watu wakadhani siku hiyo pale ni pa meno pia, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Tangu hapo nikawa wa jino. Mama mmoja alinihurumia mpaka akaniletea karafuu.

Nilimeza vidonge msimu mzima wa mvua na kiangazi kilichofuata. Vilinikausha mdomo na kunivimbisha uso, nikaonekana kama mtu anayekula vizuri. Majirani wakamsifu Mama. Lakini sitavisema vibaya, maana vilifanya kazi yake. Mbinzo zilipoingia sokoni, wale viwavi tunaowapenda wote, nilikula sahani nzima nikaomba nyingine. Mama aliondoka mezani akaenda kulia jikoni, kilio cha furaha. Tonton akasema, "Bon, mutoto amerudi," akatoa baiskeli ya kijani nje na kuijaza upepo.

Ni hapo nilipogundua kwamba sikuwa nimerudi kamili.

Abiria alisema "soko kubwa", nikaondoka vizuri, na baada ya kona moja lile neno halikuwapo tena. Si kwamba nilikuwa na mawazo mengine. Palikuwa peupe. Nilimuuliza mara moja, akanijibu. Mara ya pili akanitukana. Basi nikaacha kuuliza, nikawa nakisia. Mwalimu nilimshusha kwenye duka la mbao. Mtawa nilimpeleka kwenye baa, akacheka, lakini alishuka akamalizia kwa miguu. Wenzangu wa toleka waliniita "Surprise".

Siku moja nilimbeba mama aliyekuwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Aliniambia hospitali. Nilikuwa nimeshafika njia ya Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, nilipohisi ananipiga mgongo kwa viganja. Tuligeuza, nikakanyaga mpaka mapafu yakauma. Mtoto alitibiwa, akapona, nashukuru kwa hilo kila siku. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu.

"Mutoto iko na homa, weye unamutembeza," alisema Tonton. Hakupaza sauti. "Gusti, nitakuambia nini batu? Leta kinga."

"Amepona huyu," alisema Mama. "Ni uvivu wa kukaa sana."

"Kama ni uvivu, basi uvivu yake itaua mutu."

Wakagombana juu yangu kama vile sipo. Mimi nilipeleka baiskeli chini ya paa la karakana, nikaiegemeza ukutani. Tonton akasema nitaipata siku atakapoona kwa macho yake kwamba kichwa kimerudi. Nilisema moyoni: utaona.

Nilirudi kwa Mama Béatrice na kumwambia kwamba sina huzuni ila sina kichwa. Nilidhani atacheka. Aliandika kitu, akasema wako wengi, na kwamba kuna matibabu yake, lakini hayapo hapa Kisangani. Yako kwenye simu. Kuna mazoezi ya kufanya kila siku, na kila Jumamosi unaongea kwa simu na mtaalamu, Madame Neema, ambaye alikuwa Goma. "Anaongea Swahili," alisema Mama Béatrice. "Swahili ya kwao, lakini mutasikilizana."

Simu nyumbani ilikuwa moja tu, ya Tonton, yenye kioo kilichopasuka. Mazoezi yalikuwa kama michezo. Unaonyeshwa kapu lenye vitu, kapu linafunikwa, unataja vilivyokuwamo. Unasomewa tarakimu, unazirudia kutoka mwisho. Unapewa njia yenye vituo, unaambiwa uende pote bila kusahau kimoja. Saa inakimbia juu ya kioo, na ukimaliza unapewa pointi. Pointi zikipanda, unapandishwa ngazi. Na Madame Neema alinifundisha neno la kujisaidia, ambalo nitalirudia hapa mpaka mlichoke: simama, sema, enda. Kabla ya kuanza jambo, simama. Sema kwa sauti unachotaka kufanya. Ndipo uende.

"Kwa sauti?" nilimwandikia, maana mwanzoni nilikuwa namwandikia tu, sikutaka kuongea.

"Kwa sauti," alijibu.

Hilo sikulifanya. Ningesema kwa sauti mbele ya nani?

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo tulipokosea, na nadhani ni kosa ambalo wengi wenu mtalifanya. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Mtu akilazwa, ndugu ndio wanaomwogesha, wanaompikia, wanaolala chini ya kitanda chake. Mgonjwa asiye na mtu ubavuni watu humwuliza amefanya ubaya gani. Kwa hiyo jioni, baada ya chakula, Tonton alipoweka simu mezani na mimi nikaanza matibabu yangu, nani angeniacha? Walivuta viti wote.

"Kulikuwa ndizi," alisema Koko kabla sijafungua mdomo. "Ndizi, mwavuli, saa, na ile kitu ya wazungu ya kukausha nywele."

"Tarakimu niachieni mimi, Ya Gusti," alisema Furaha, ambaye huniita Ya, yaani kaka, na vidole vyake tayari viko kwenye kioo.

"Weka mkono pole pole, utapasua tena," alisema Mama, akishika taa.

Njia na vituo vyake ilikuwa ya Tonton. Hakuna mtu anayemfundisha Tonton njia, hata ya mji asioujua. "Posta kwanza," alisema, "kisha mukate, kisha mutoto shuleni. Hawa batu wanapanga kazi vibaya, lakini posta kwanza."

Hakuna aliyedhani ni udanganyifu. Walikuwa wananishika, kama ambavyo wangenishika kwapani kunipeleka chooni. Nami nakiri, zilikuwa jioni nzuri kuliko zote tangu tuvuke mto. Tulicheka. Pointi zilipanda, tukapandishwa ngazi, Furaha akapiga makofi. Kila Jumamosi Madame Neema aliandika: vizuri sana. Kisha Jumamosi moja akaandika kwamba nimepanda upesi kuliko wote alionao, na kwamba tukiendelea hivi tutamaliza karibuni, nafasi yangu apewe mwingine.

Tonton aliusoma ujumbe ule mara mbili. Asubuhi baiskeli ya kijani ilikuwa nje, imefutwa mafuta, na kiti cha nyuma kimeshonewa sponji mpya.

"Simu imesema," aliniambia. "Mimi ni nani nibishane na simu? Anza na Koko, umupeleke misa."

Koko alikaa upande, kama wanavyokaa wanawake wa umri wake, mkono mmoja kwenye shati langu. Asubuhi ilikuwa na jua baada ya mvua. Nilikanyaga, nikihisi upepo, nikihisi uzito wa mtu nyuma yangu, na nilikuwa na furaha mpaka tulipofika kwenye mzunguko wa barabara. Pale ndani ya kichwa pakawa peupe. Misa ilikuwa imeondoka. Kulikuwa na barabara tu, na zote zilifanana.

"Kushoto, mutoto yangu," alisema Koko, taratibu kabisa, kwa sauti ileile ya mezani. "Ni kushoto."

Nilikwenda kushoto. Nilimfikisha. Nilikaa nje ya kanisa misa nzima, nimeshika usukani, na nikaelewa kilichotokea. Kichwa kilichopanda ngazi kilikuwa cha bibi yangu.

Tulipofika nyumbani niliipeleka baiskeli karakana nikaiegemeza palepale ilipokuwa. Tonton alikuwa anaunga mnyororo.

"Namna gani? Imeharibika?"

"Kinga ni nzima, Tonton."

"Alors? Sasa nini?"

"Pointi zile ni za Koko. Mpe Koko kinga."

Aliniangalia, kisha akamwangalia Koko, ambaye alikuwa anavua viatu vyake vya misa mlangoni kama mtu asiyesikia. Tonton alitaka kucheka, lakini hakucheka. "Weye ulilia kinga," alisema. "Nimekupa. Sasa unarudisha?"

"Nitaichukua ikiwa yangu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sikuwa nimewahi kumjibu Tonton hivyo.

Jumamosi iliyofuata sikuandika. Nilibonyeza kile kitufe cha kuongea, nikasikia sauti ya Madame Neema kwa mara ya kwanza, nzito kidogo, na nyuma yake kulikuwa na watoto. Nilisimama. Nikasema kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, kwamba pointi zile zilikuwa za watu wanne, na mimi sikuwa mmoja wao.

"Basi mimi nimemtibu nani miezi yote hii?" aliuliza.

"Umemtibu Koko yangu, Madame. Ana miaka mingi, na sasa anakumbuka hata ugomvi uliokuwa umekwisha."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka na kuniuliza ninataka nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nianze kuugua. Nikasema nataka kuanza chini kabisa, peke yangu. Akasema itauma, kwa sababu ngazi ya chini ni ya chini kweli, na nyumbani hawatafurahi. Alisema kweli mara mbili.

Mama aliumia. "Umetufanya nini sisi? Tulikuwa tunakusaidia," alisema. "Mgonjwa gani anafukuza watu wake?" Kwa siku kadhaa alinipa chakula bila kunitazama. Furaha alinuna. Ni Koko tu aliyesema, "Mwacheni. Mimi mwenyewe ile michezo ilianza kunichosha," na huo ulikuwa uongo, maana nilimwona akichungulia simu kila ilipolia.

Kabondo hakuna pa kuwa peke yako. Kila ukuta una mtu anayekujua. Tonton alikubali nichukue simu asubuhi kabla wateja hawajajaa, na mimi nikawa natembea kwa miguu mpaka kwenye majani kando ya ule uwanja wa zamani wa Simi-Simi. Nilipachagua kwa sababu mtandao hushika vizuri na hakuna mtu wangu pale. Na nilipachagua pia kwa sababu ndipo nilipokuwa nimewapotosha yule mama na mtoto wake. Nilitaka niipite njia ileile kila siku, na akili yangu iione. Wenzangu wa toleka walinipita wakipiga kengele.

"Surprise, leo unabebwa na miguu?"

"Miguu inajua njia?"

Niliendelea kutembea, kichwa juu.

Pointi zangu za kweli zilikuwa aibu. Kapu lilipofunikwa nilikumbuka ndizi tu. Siku nyingine hata ndizi ilikimbia. Nilitaka kuitupa simu majanini. Siku hizo ndizo zinazowafanya wengi waache, kwa hiyo nawaambia: sikuwa navumilia kwa upole. Nilikuwa nimekasirika. Niliitukana ile saa ya juu ya kioo kwa Lingala na kwa Kiswahili. Nilisema vita imechukua nyumba, imechukua Papa, kichwa hiki haikipati. Na nikagundua kwamba nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu kwenye majani, na mbingu haikuanguka. Basi nikaanza kusema kila kitu kwa sauti. Simama. Ndizi, mwavuli, ndoo. Enda.

Mtu anayeongea na simu karibu na uwanja wa ndege wakati wa vita hawezi kukaa siku nyingi bila kuonekana. Askari mmoja alikuja kutoka nyuma yangu.

"Weye. Unatumia nani habari?"

"Hakuna, chef. Ni matibabu," nilisema. Kwetu kila askari ni chef, yaani mkubwa.

"Matibabu ya simu. Leta hapa."

Alichukua simu, akageuza huku na huku. Kwenye kioo lilikuwa kapu limeshafunikwa na saa inakimbia. "Hii ni code ya nini? Ndizi, ndoo?"

Niliinua mikono juu. Lakini niliona saa inakwenda, na asubuhi ile ndiyo nilikuwa karibu kufikisha vitu vyote vya kapu kwa mara ya kwanza. "Chef," nilisema, "unaniharibia pointi."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akakaa chini kwenye majani, bunduki mapajani, akataka nimweleze. Nilimweleza ugonjwa wangu wote, mimi ambaye hata kumsalimu jirani huwa natafuta kona. Akaomba ajaribu. Alikumbuka ndizi. Akajaribu tena, akakumbuka ndizi na ndoo, na uso wake ukabadilika.

"Zamani nilikuwa najua namba ya simu ya kila mutu wa kwetu," alisema. Alinirudishia simu. "Fanya yako. Lakini kaa pale kwenye njia, batu wakuone. Hapa watakupiga risasi bure."

Tangu siku hiyo nilikaa kwenye njia, na alipopita aliniuliza, "Ndizi iko?" nami nilijibu, "Iko, chef."

Ngazi ya pili nilipanda mwanzo wa mvua kubwa. Jumamosi ile nilibonyeza kitufe nimwambie Madame Neema, na simu haikuita. Nilibonyeza tena. Nyumbani redio ya Tonton ilikuwa inaeleza kwamba vita imeingia Goma, na sote tulikuwa tumeizunguka. Mama, ambaye bado alikuwa na kinyongo, alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi. "Huyo mama wa simu," aliuliza, "ana batoto?" Nikasema nilisikia sauti zao. Akatikisa kichwa, akabaki pale.

Wiki zilipita, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila sauti. Ningeweza kuacha, hakuna aliyekuwa ananihesabia. Niliendelea kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia mtu aliye katika vita. Niliwaza kwamba akirudi, akute nimepanda.

Alirudi mvua zilipokuwa zinapungua. Alipiga yeye, kutoka mahali ambako hakukutaja. Sauti ilikuwa imekonda. Aliniuliza habari za Koko, akaniuliza ngazi, nikamwambia ya tatu. Alisema, "Gusti, wiki ijayo tutafanya lile zoezi la, la..." Akasimama. Nilisikia anatafuta. Lile neno nililijua: njia, zoezi la njia na vituo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Sikumpa. Nilikaa kimya nimeshika simu kwa mikono miwili, nikamsubiri, mpaka akalipata mwenyewe.

"La njia," alisema.

"Ndiyo, Madame. La njia."

Wiki ile nilienda kituo cha afya kuchukua kibali cha kuendelea. Mabenchi yalijaa. Mama Béatrice akatoa kichwa. "Wa jino, ingia." Nilisimama, na yule mama wa karafuu alikuwapo. Nikasema, "Si jino, Mama. Ni kichwa." Mazungumzo yalikatika kama kawaida. Nikatembea mpaka mlango wa mwisho bila kukimbia. Nilipotoka, kijana mmoja asiyejulikana kwangu alikuwa ameketi karibu na ule mlango, karibu kabisa, akingoja zamu yake bila kujificha.

Kisha nikaenda kwa Tonton na simu. Alivaa miwani, akasoma pointi, akavua miwani.

"Gusti. Zamani ulikuwa na pointi mingi, ukakataa kinga. Sasa uko na pointi kidogo, unataka kinga?"

"Hizi ni zangu."

"Lakini ni kidogo."

"Ni kidogo, Tonton. Ni zangu."

Alikuna shavu kwa mkono wenye mafuta. Siku za kwanza alinipa magunia, maana gunia halikasiriki likipotea. Nilisema kwa sauti mbele ya kila gunia: makaa, kwa Mama Chantal, karibu na shule. Watu waligeuka kutazama. Niliacha wageuke. Gunia halikupotea hata moja, naye akanirudishia kiti chenye sponji.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama mnene kidogo, ana sufuria ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa anampelekea mgonjwa wake. "Hospitali," alisema, "lakini tupite kwanza soko nichukue sabuni."

Nilisimama. "Soko, sabuni, kisha hospitali," nilisema.

"Unaambia nani?"

"Najiambia mwenyewe, mama."

"Bon, jiambie."

Tulipita soko, akachukua sabuni. Tuliendelea, na kwenye uleule mzunguko wa barabara, pakawa peupe. Zamani ningekisia. Nilishika breki nikaweka mguu chini. Pikipiki zilinipigia honi. Nilimhisi yule mama anainamia sikio langu.

"Umesahau? Ni kwa..."

Niliinua mkono. "Mama, tafadhali," nilisema. "Usinisaidie."

Alinyamaza. Sijui alikuwa mtu wa namna gani mpaka akaweza kunyamaza, na chakula chake kinapoa. Nilisimama na honi zile zote. Nikaanza kutoka nyuma: sufuria. Kitambaa. Mgonjwa wake. Ikaja polepole, kama pirogi inayotoka kwenye ukungu, lakini ilikuja, na ilikuja kwangu.

"Hospitali," nilisema kwa sauti.

"Hospitali," alijibu. "Kanyaga sasa, mutu iko na njaa kule."

Hadi leo nasema kwa sauti kwenye kila kona. Wenzangu wameacha kuniita Surprise, wananiita Radio. Peupe bado panakuja, na huenda patakuja siku zote. Pakija, naweka mguu chini.

Sasa ni zamu yenu. Niandikieni kwa njia ya kituo mlikopewa karatasi hizi, mnieleze mlipofika, hata kama ni ngazi ya ndizi. Msiogope makosa, mmeona yangu. Andikeni polepole, mwache, mrudi kesho. Ila jambo moja nawaomba: ndugu yenu mwenye mwandiko mzuri akija kuinama juu ya bega na kusema leta nikusaidie, mpeni kiti akae, mpeni chai, na kalamu mbaki nayo ninyi.